Raia na Kura Yake: Kwa Nini Huyu Hujitokeza na Yule Hujizuia

Ni desturi ya wenye madaraka, kila uchaguzi unapokwisha na hesabu ya waliojitokeza ikaonekana haba, kuwalaumu raia kwa uvivu, ujinga au kutoipenda nchi yao. Lakini mtu awezaye kuamka usiku wa manane kwenda kupanga ndoo bombani, au kusafiri siku mbili kwenda kumzika jamaa yake, hashindwi kutembea nusu saa hadi kituo cha kupigia kura. Na akijizuia asiende, ni insafu kwanza tuulize amepima nini katika mizani ya akili yake, kabla hatujampa jina baya.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulidhihirika nchini Kenya mwaka 2017. Tarehe 8 Agosti foleni zilianza kabla ya alfajiri, na takriban wanane katika kila watu kumi walioandikishwa walipiga kura. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikaubatilisha uchaguzi wa urais na kuamuru urudiwe. Tarehe 10 Oktoba Raila Odinga, mgombea wa upinzani, akajitoa katika marudio, akidai kuwa dosari za kwanza hazijarekebishwa. Na ilipowadia tarehe 26 Oktoba waliojitokeza hawakufikia wanne katika kumi, na katika sehemu kubwa ya kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura haikupigwa. Daftari la wapiga kura lilikuwa lile lile na watu walikuwa wale wale. Haiyumkini taifa zima likashikwa na uvivu katika muda usiotimia miezi mitatu; kilichobadilika ni itikadi ya raia kwamba kura yake ina athari.

Tanzania nayo ina mfano wake. Mwaka 2005 waliopiga kura walizidi asilimia 70 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 wakashuka chini ya 43. Na mwaka 2015, wananchi walipokwisha kuandikishwa upya kwa mashine za alama za vidole, na Edward Lowassa alipokihama chama tawala akasimama dhidi ya John Magufuli, mgombea wa chama hicho, katika shindano ambalo wengi hawakuweza kulitabiri mwisho wake, wakapanda tena hadi asilimia 67 hivi. Yamkini sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na daftari la zamani, lililobeba majina ya waliofariki na waliohama. Lakini ni dhahiri pia kwamba mchezo usio na mshindani haujazi uwanja.

Wataalamu watatu wa Marekani, Sidney Verba, Kay Lehman Schlozman na Henry Brady, katika kitabu chao cha mwaka 1995, waliligeuza swali hili, wakauliza kwa nini watu hawashiriki, nao wakapata majibu matatu: ama hawawezi, ama hawataki, ama hapana aliyewaita. Majibu hayo, ijapokuwa yalitoka ng'ambo, yanatufaa na sisi.

Asiyeweza ni kama kibarua wa Kariakoo aliyejiandikisha kijijini kwao, ambaye siku ya uchaguzi hana nauli ya kwenda wala ruhusa ya tajiri wake. Zamani sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa kizuizi: katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au cheo, kisha akalazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Chama cha TANU, kilichodai uhuru, kilijadiliana Tabora, Januari 1958, kama kiususie uchaguzi huo wa dhuluma au kiuingie. Rai ya kiongozi wake, Julius Nyerere, ya kuuingia ikashinda, na wagombea walioungwa mkono na chama wakaibuka na ushindi.

Asiyeitwa naye si mtu wa kubezwa. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoongoza akina mama wa TANU mjini Dar es Salaam, hakungoja waje ofisini. Aliwafuata katika vyama vyao vya ngoma, ambako tayari walikuwa na viongozi wao, michango yao na utaratibu wao, akawaomba waingie chamani, nao wakaingia kwa maelfu, wengi wao wakiwa hawana elimu kubwa ya shule.

Ama asiyetaka, huyo ndiye anayeeleweka vibaya kupita wote. Kenya, mwaka 2022, vijana wasiozidi umri wa miaka 35 walikuwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa, nao walikuwa wamepungua kuliko mwaka 2017. Wazee wakasema kizazi hiki hakijali. Mwaka 2024 kizazi hicho hicho kikausoma Mswada wa Fedha, uliokusudia kuongeza kodi, kifungu kwa kifungu, kikajaza barabara za miji, na tarehe 25 Juni kikafika hadi ndani ya Bunge, damu ikamwagika. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Vijana hao hawakuwa wameichukia siasa, bali walikuwa wamekata tamaa na njia moja ya siasa.

Kwa hiyo dawa haimo katika mahubiri ya majukwaani. Sheria ya Tanzania humpa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako taarifa ya mapato na matumizi hupaswa kusomwa. Pale ambapo taarifa husomwa, ikabandikwa ubaoni, na mwenyekiti akajibu fedha za zahanati zimekwenda wapi, watu hurudi mkutano ujao. Pale ambapo shauri limekwisha kukatwa huko juu, na wanakijiji wameitwa kuweka saini mahudhurio tu, mabenchi hubaki matupu.

Basi wenye madaraka wanaotamani foleni ndefu siku ya uchaguzi na waanze kuheshimu sauti ya raia katika siku nyingine zote za miaka mitano. Nawe msomaji, mkutano wa mtaa wako utakapoitishwa, nenda, uliza hesabu, na usiondoke kabla hujajibiwa.