Kuruka Bila Injini

Mchana, juu ya vilima vya mawe vya Shinyanga, mwewe huzunguka angani bila kupiga mabawa. Kwa nini haanguki? Jua hupasha moto mawe na ardhi. Hewa yenye joto hupanda, nayo humwinua mwewe.

Watu nao hutumia hewa hiyo. Huko Iten, Kenya, ukingoni mwa Bonde la Kerio, mtu hujifunga kiti chenye kamba zinazoshika bawa la kitambaa. Bawa likijaa upepo, hukimbia mteremkoni. Miguu huacha ardhi. Anaruka!

Lakini kwanza hutazama upepo. Upepo ukiwa mkali, au akiona chamchela, haruki. Chamchela huweza kukunja bawa, mtu akaanguka na kufa. Basi hungoja. Kungoja si woga.