Noah ya zamani: tazama injini kabla ya bei

Anayetafuta Noah kwa biashara ya abiria hukuta aina mbili, na tofauti yake haiishii kwenye sura.

TownAce Noah, pamoja na pacha wake LiteAce Noah, ilitoka Japan Oktoba 1996. Injini hukaa chini ya viti vya mbele na kuzungusha magurudumu ya nyuma. SR50 huzungusha yote manne. Mlango wa kuteleza ni mmoja, upande wa kushoto, jambo linalofaa Afrika Mashariki ambako magari hupita kushoto kama Japan. Fundi hulazimika kuinua viti ili aione injini, lakini 3S-FE ya cc 1,998 ilifungwa pia kwenye Corona na RAV4 za kwanza. Spea zake si za kutafutwa kwa tochi.

Novemba 2001 Toyota ilibadili mpango mzima: magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, milango ya kuteleza ni miwili, na injini ni 1AZ-FSE inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Hubana matumizi, ila petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huiumiza pampu hiyo, na pampu si rahisi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo huko zote mbili ni za kununua mkononi. Tanzania huruhusu, lakini uzee wa gari huongezewa ushuru wa bidhaa. Bei ya mnada wa Japan pekee haitoshi kupigia hesabu.