Mashua ya mbao Naivasha: Gharama huanza baada ya kununua

UKISIMAMA juu ya Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, utaliona Ziwa Naivasha likiwa limetanda upande wa kaskazini magharibi. Ziwa hilo hufahamika kwa samaki, viboko na mashamba ya maua. Hata hivyo, kwa miaka mingi limetumiwa pia na wapenzi wa mashua za matanga, ingawa bahari iko mbali mno.

Wanaomiliki mashua za mbao hupambana na matatizo yaliyo tofauti na yale ya Lamu au Mombasa. Huko pwani, adui mkubwa ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na ndiyo sababu mabaharia hupakaza deheni sehemu ya chini ya chombo. Naivasha, ambako maji hayana chumvi, adui ni kuoza. Maji ya mvua yakituama ndani ya mashua, kuvu huota na kuila mbao polepole. Kwa hivyo mwenye mashua hana budi kuyakumba maji hayo, kuifunika mashua na kuacha nafasi ya hewa kupita.

Adui wa pili ni jua. Mashua ikikaa nchi kavu kwa muda mrefu, mbao husinyaa na mianya hutokea. Fundi huiziba kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta, kisha mashua hurejeshwa majini ili mbao zifure na kubanana. Mashua inayovuja siku ya kwanza si lazima iwe imeharibika. Lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta: mwanya ulioachwa huozesha ubao, na ubao huozesha mataruma yanayoushikilia.

Ziwa lenyewe pia halitabiriki. Hupokea maji ya mito Malewa na Gilgil, wala hakuna mto unaotoka humo. Mwaka 2009 maji yalipungua sana. Mwaka 2020 yalifurika hadi makazi ya Kihoto na kuwafurusha watu. Gati lililofaa mwaka mmoja laweza kubaki nchi kavu au kuzama mwaka mwingine. Gugu-maji nalo husukumwa na upepo na kuziba njia za kutokea.

Kutokana na taabu hizo, wengi hupendelea mashua za faiba. Hata hivyo, ya mbao ina faida moja kuu: ubao mbovu huweza kung'olewa na kuwekwa mwingine, hivyo chombo huweza kuishi kuliko aliyekinunua.

Anayetaka kununua mashua ya mbao achunguze kwanza mkuku na sehemu za ndani zisizofikiwa na hewa, akidunga kwa ncha ya kisu. Mbao ikibonyea, imeoza, hata kama rangi ya nje inang'aa.