Mizani ya Maneno

Wazee wetu wa pwani walisema: ganga ganga za mganga humwacha mgonjwa na matumaini. Msemo huu ulinirudia nilipokuwa Boito, katika nchi ya majani chai ya Bomet, kumzuru jamaa yangu wa Mombasa aliyelowea huko miaka mingi.

Nilimkuta mnyonge. Mpwa wake, kijana aliyefiwa na mamake, hali akashiba, halali, na kazi ya kuchuma chai imemshinda. Zahanati walimshauri ampeleke Kericho kila wiki, kwa mtaalamu anayetibu kwa mazungumzo. "Shekhe," akaniuliza, "dua tunamwombea. Lakini nauli yote hii kwa ajili ya maneno? Ushahidi uko wapi?"

Swali lake ni la haki. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa tusikubali habari kabla ya kuwajua walioipokea.

Tiba hii asili yake ni Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aliyeanzisha uchanganuzi nafsia mwishoni mwa karne ya 19: mgonjwa hunena yaliyomo moyoni, tabibu husikiliza na kumfumbulia maana. Ushahidi wa Freud ulikuwa visa vya wagonjwa wake mwenyewe. Mwaka 1952 Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa London, akauliza: je, waliopona wasingepona hata bila ya tabibu? Alidai kuwa thuluthi mbili hupata nafuu bila ya tiba hiyo. Hesabu zake zilipingwa, bali swali lilibaki.

Nilimjibu jamaa yangu kwa mfano wa kazi aijuayo. Karani apimapo majani kituoni hutoa kwanza uzito wa gunia. Nafuu inayoletwa na kupita kwa siku ndiyo gunia. Ikishatolewa, ndipo tujue uzito wa tiba.

Kipimo hicho kimefanywa kwa jirani zetu wa Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kwa kura, vijiji vingine vilipewa vikao vya mazungumzo kila wiki kwa wiki 16, vingine havikupewa. Kwa wasiopewa, wenye sonona walipungua kutoka 94 katika kila 100 hadi 55: hilo ni gunia. Kwa waliopewa, walipungua kutoka 86 hadi chini ya 7. Hiyo ndiyo chai.

Ama vikao hivyo havikuwa vya Freud. Vilikuwa vya muda mfupi, vikihusu misiba, ugomvi na mageuko ya maisha. Uchanganuzi wenyewe ulipimwa London, katika kliniki ya Tavistock, kwa watu 129 wenye sonona sugu, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Tiba ilichukua miezi 18. Ilipokwisha, tofauti ilikuwa ndogo. Miaka miwili baadaye, 44 katika kila 100 hawakuwa tena na sonona, na kwa wasiopewa tiba hiyo ni 10 tu. Waliopona kabisa walikuwa wachache.

Basi si muujiza, wala si porojo. "Mpeleke," nikamwambia, "na mizani uishike mwenyewe: tazama usingizi, chakula na kazi. Miezi miwili ikipita bila mabadiliko, mrudishe kwa daktari, usingoje."

Jumatatu nilipoondoka, tulikuwa watatu kwenye matatu ya Kericho.