Taa za Nyuma za Ziada katika Pikapu za Wachuuzi wa Samaki

Karungu ni ghuba ya Ziwa Viktoria iliyomo katika Kaunti ya Migori, nchini Kenya. Wakazi wengi wa huko hupata riziki yao kwa uvuvi. Katika usiku usio na mwezi mitumbwi huonekana mbali majini, kila mmoja na taa yake, kwa maana omena hufuata mwangaza na kukusanyika chini yake. Alfajiri wavuvi hurudi ufukoni, na wachuuzi huwa wamekwisha fika na pikapu zao kungoja samaki. Tena mara nyingi hutokea kwamba mtumbwi mdogo ulio mbali ziwani huonekana vizuri zaidi kuliko pikapu iliyosimama kando ya njia, ambayo taa zake za nyuma zimefunikwa na tope au mizigo. Hatari hiyo yaweza kupunguzwa kwa kufunga taa za nyuma za ziada, na kazi yenyewe si kubwa ikifanywa kwa utaratibu.

Sababu ya taa za ziada

Kila pikapu hutoka kiwandani na taa za nyuma za kutosha. Lakini taa hizo zilipimwa kwa gari safi, lisilo na mizigo, liendalo katika barabara njema. Huku ziwani mambo ni mengine. Vumbi la kiangazi na tope la masika hufunika vioo vyake. Maji ya samaki na ya barafu iliyoyeyuka huingia ndani na kula shaba. Omena waliokaushwa ni wepesi, kwa hiyo magunia yao hupangwa juu sana, na mara nyingine hujitokeza nyuma hata kuficha taa. Zaidi ya hayo, Karungu i karibu na mstari wa ikweta, ambako jua huchwa karibu saa ile ile mwaka mzima, na baada ya hapo giza huingia upesi.

Hesabu kidogo yaonyesha ukubwa wa hatari. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza chasema kwamba gari la mwendo huo huhitaji mita 53 mpaka lisimame, nayo ni katika barabara kavu na breki zikiwa nzima. Taa za mbele zilizoinamishwa humulika kama mita 40 tu. Basi dereva anayetegemea taa zake mwenyewe kuiona pikapu iliyo gizani ataiona wakati ambapo breki haziwezi tena kumwokoa. Mwendesha bodaboda, ambaye hana chuma cha kumkinga, ndiye atakayeumia kwanza. Lakini taa nyekundu iliyo safi huonekana toka mamia ya mita, na huyo ajaye nyuma hupata nafasi ya kufikiri.

Nchi nyingine zimejaribu jambo hili na kuona faida yake. Marekani iliamuru kwamba motokaa zote mpya za abiria, kuanzia zile za mwaka 1986, ziwe na taa ya tatu ya breki iliyofungwa juu, katikati. Pikapu na magari mengine mepesi ya mizigo yaliingizwa katika amri hiyo kuanzia yale ya mwaka 1994. Uchunguzi wa serikali ya nchi hiyo uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba taa hiyo moja imepunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 4.3. Faida hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini katika nchi yenye magari mengi ni maelfu ya watu waliofika kwao salama.

Rangi na mahali pa kuziweka

Kabla ya kununua cho chote, yampasa mwenye gari kukumbuka kwamba rangi za taa ni lugha ya barabarani. Nyekundu yasema, "Huu ni mgongo wa gari." Nyeupe yasema, "Gari laja kwako." Kwa sababu hiyo taa nyeupe haifai kuwaka nyuma ya gari liendalo mbele, isipokuwa ile ndogo inayomulika nambari. Taa nyeupe ya kurudia nyuma iwake pale tu giya ya kurudi nyuma inapotiwa. Mambo ya namna hii husimamiwa na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, iliyoanza kutumika mwaka 1954, na magari ya biashara hukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Taa mbili nyekundu za ziada zafaa kufungwa juu ya fremu ya nyuma, moja kila upande, kwa urefu ulio sawa, mahali ambapo magunia hayazifiki. Zikifungwa pembeni kabisa, humwonyesha ajaye nyuma upana wa gari. Taa nyeupe ifungwe chini yake na kuinamishwa imulike ardhi, isipige macho ya watu.

Namna ya kufunga

Kwanza fundi hutafuta waya wa taa ya usiku na waya wa breki katika taa za zamani, akitumia taa ndogo ya kupimia. Kisha huondoa waya wa hasi katika betri, ili stima isiruke anapofanya kazi. Taa za ziada huungwa na waya hizo hizo, ili ziwake na kuzimika pamoja na za zamani.

Hapo yafaa kuangalia uzito wa stima. Balbu ya kawaida ya breki ni ya wati 21. Balbu mbili ni wati 42, nazo katika gari la volti 12 huvuta ampea 3.5 zaidi ya zile zilizokusudiwa na kiwanda. Taa ndogo za LED zafaa zaidi, maana zote mbili huvuta chini ya ampea moja. Tena LED huwaka mara moja, lakini balbu ya kawaida huchelewa kama sehemu ya tano ya sekunde mpaka waya wake upate moto. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, kuchelewa huko ni zaidi ya mita 4 za barabara.

Taa nyeupe zenye nguvu huhitaji uangalifu mkubwa zaidi. Taa mbili za wati 55 huvuta ampea 9 na zaidi, na swichi ndogo iliyo katika giyaboksi haikutengenezwa kuchukua mzigo huo. Dawa yake ni rilei. Kifaa hiki ni kama bawabu: stima kidogo itokayo katika swichi ya giya humwamuru, naye hufungua njia kwa stima nyingi itokayo katika betri. Katika rilei ya kawaida, mguu wa 30 huungwa na betri, wa 87 huenda kwenye taa, wa 86 hupokea amri ya giya, na wa 85 huungwa na chuma cha gari. Fyuzi ya ampea 15 iwekwe karibu sana na betri. Ikiwekwa nyuma karibu na taa, waya ukichubuka njiani utawaka moto bila fyuzi kujua.

Unene wa waya nao ni jambo kubwa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 5, hupoteza kama theluthi moja ya volti kwa mzigo huo. Waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba hupoteza volti moja u nusu na zaidi. Taa hufifia, na waya wenyewe hupata joto.

Makosa mengi ya taa za nyuma hutokana na waya wa kurudisha stima, ambao mafundi huuita athi. Ukifungwa juu ya rangi au kutu, stima hukosa njia na kuingia katika taa nyingine. Dalili yake ni kwamba dereva akikanyaga breki, taa ya usiku hufifia au ya kugeukia huwaka. Yapasa chuma kikwanguliwe mpaka king'ae, waya ukazwe kwa boliti, kisha pakwe grisi kuzuia maji ya samaki. Maungio yote yatiwe lehemu na kufungwa vizuri, na waya zipite ndani ya bomba laini la plastiki, mbali na ekzosi. Tundu lo lote la chuma litiwe pete ya mpira.

Baada ya kazi

Waya wa betri ukirudishwa, mtu mmoja akanyage breki na kutia giya, na mwingine asimame nyuma akitazama. Kisha aende hatua mia moja gizani atazame tena, gari likiwa limepakiwa mizigo yake ya kila siku. Dereva mwenye busara hupangusa vioo kila jioni kabla ya safari.

Hata hivyo, taa nyeupe haichukui mahali pa utingo. Alfajiri ufuko wa ziwa umejaa kina mama wanaopima samaki na kuanika omena juu ya nyavu mchangani, na watoto wao hucheza papo hapo. Mtoto aliyechutama nyuma ya gurudumu haonekani katika kioo cha dereva. Basi kabla ya gari kurudi nyuma, utingo na ashuke, atazame, naye dereva asiondoe mguu katika breki mpaka asikie sauti yake.