Kabla ya kununua bodi mama mpya ya kompyuta, fungua kasha kwanza

KUSITISHWA kwa huduma ya bure ya marekebisho ya usalama ya Windows 10, kulikofanywa na kampuni ya Microsoft Oktoba 14, 2025, kuliwaacha wamiliki wengi wa kompyuta za mezani za zamani katika njia panda: waendelee na mashine isiyopata kinga mpya, wanunue nyingine, au waifanyie ukarabati waliyo nayo.

Wengi huvutwa na njia ya tatu, na huianza kwa kuulizia bei ya bodi mama, ile ambayo mafundi huiita madabodi. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa sababu kifaa hicho hakichaguliwi peke yake. Bodi mama ndiyo inayobeba prosesa, RAM na njia zote za umeme na mawasiliano ndani ya kasha, hivyo anayeibadili hana budi kujua kwanza ni vifaa gani vya zamani vitakavyokubali kuhamia kwenye bodi mpya, na ni vipi vitakavyokataa.

Chukua mfano wa mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala anayetumia HP EliteDesk 800 G2, mashine ya ofisi iliyotoka mwaka 2015. Prosesa yake ni Intel Core ya kizazi cha sita, na RAM yake ni ya aina ya DDR4. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inataka prosesa za Intel Core za kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kizazi cha saba, pamoja na mfumo wa usalama uitwao TPM 2.0. Kikwazo kikubwa cha mtu huyu, kwa hiyo, ni prosesa. Bodi anaiulizia kwa sababu tu bodi aliyo nayo haiwezi kupokea prosesa inayotakiwa.

Kuna mtego hapa. Prosesa za Intel za kizazi cha sita hadi cha tisa hutumia soketi yenye jina moja, LGA 1151. Mtu akinunua prosesa ya kizazi cha nane ataona inakaa vizuri kabisa kwenye bodi yake ya mwaka 2015, lakini kompyuta haitawaka. Intel ilibadili matumizi ya baadhi ya pini, ikataka kizazi cha nane na cha tisa kitumie bodi zenye chipseti za mfululizo wa 300. Kulingana kwa umbo hakuthibitishi kuwa vifaa hivyo viwili vinaelewana, na muuzaji asiyelijua hilo atasema kwa nia njema kabisa kwamba vinaendana.

Baada ya hapo Intel ilileta LGA 1200 mwaka 2020, LGA 1700 mwaka 2021 na LGA 1851 mwaka 2024. Kampuni ya AMD imekuwa na subira zaidi. Soketi yake ya AM4 ilipokea vizazi kadhaa vya prosesa za Ryzen kabla ya AM5 kuingia mwaka 2022. Hata hivyo, nako kuna masharti. Bodi ya AM4 yenye chipseti ya B450 huenda ikahitaji programu yake ya BIOS isasishwe ndipo iitambue Ryzen 5 5600, ilhali bodi za B550 hazikukusudiwa kupokea Ryzen za mfululizo wa 2000. Njia salama ni kufungua ukurasa wa mtengenezaji wa bodi husika, kutafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, na kusoma toleo la BIOS lililoandikwa mbele ya kila jina.

Suala la RAM limekuwa zito kuliko lilivyokuwa miaka michache iliyopita. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda kwa kasi, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara yake ya Crucial, iliyokuwa ikiwauzia RAM na diski watumiaji wa kawaida. Katika hali hiyo, RAM ya DDR4 iliyomo ndani ya mashine ya zamani si kitu cha kutupa.

Bodi za AM5 hupokea DDR5 tu, na vivyo hivyo zile za LGA 1851. Lakini bodi za LGA 1700 zilitengenezwa za aina mbili, nyingine za DDR4 na nyingine za DDR5, wakati mwingine zikiwa na jina karibu lile lile, tofauti ikiwa ni herufi na tarakimu mwishoni. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila mkato wa katikati hauko mahali pamoja, hivyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Mwenye duka katika mfano wetu anaweza kuokoa RAM yake kwa kuchagua bodi ya LGA 1700 ya DDR4 na prosesa kama Core i3-12100, au bodi ya AM4 na Ryzen 5 5600G. Zote mbili zina uwezo wa picha ndani yake. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni haina, na bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi. Aidha, zile kompyuta ndogo sana za ofisi hutumia RAM fupi kama za kompyuta mpakato, ambazo haziingii kwenye bodi za kawaida.

Kuhusu chipseti, mtu wa kazi za kuchapa hana sababu ya kulipia bodi ya Z790. Herufi Z ni ya wanaotaka kuisukuma prosesa kupita kasi yake ya kiwandani. Bodi ya H610, ambayo kwa kawaida ina nafasi mbili za RAM, inamtosha. La kutazama zaidi ni matundu ya nyuma. Skrini nyingi za zamani hutumia VGA, na bodi kadhaa mpya zina HDMI na DisplayPort pekee.

Kinachosahaulika zaidi ni kasha na pawa saplai. Bodi za kawaida hufuata vipimo vya ATX, sentimita 30.5 kwa 24.4, au Micro-ATX, yenye sentimita 24.4 kila upande, na huchukua umeme kupitia kiunganishi cha pini 24. HP na Dell, katika mashine zao nyingi za ofisi, hutumia bodi za umbo lao wenyewe na pawa saplai zenye viunganishi vyao. Hata waya za kitufe cha kuwashia mara nyingi hazilingani. Mwenye EliteDesk akinunua bodi ya kawaida atagundua kwamba anahitaji pia prosesa, pawa saplai na kasha jipya, na mwishowe kilichosalia kutoka mashine ya zamani ni RAM, diski na kibodi.

Kwa mtu huyo, ni busara zaidi kutafuta mashine nzima iliyotumika ya kuanzia mwaka 2018, kama EliteDesk 800 G4 yenye prosesa ya kizazi cha nane, kisha kuihamishia RAM na diski yake. Kubadili bodi kunamfaa zaidi yule ambaye kompyuta yake iliunganishwa na fundi ndani ya kasha la kawaida lenye pawa saplai ya kawaida.

Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hufungamana na bodi mama, kwa hiyo bodi ya aina nyingine ikiwekwa, Windows inaweza kudai kusajiliwa upya. Hiyo ni gharama ambayo haimo katika bei anayotajiwa mteja dukani.

Kwa anayenunua bodi iliyotumika, ukaguzi uanzie kwenye soketi. Katika bodi za Intel na za AM5 pini ziko kwenye bodi yenyewe, nazo ni nyembamba kiasi kwamba moja ikipinda inaweza kuizuia kompyuta isiwake. Mnunuzi amulike kwa tochi ya simu, akiitazama kwa mshazari, na kuona kama mistari ya pini imenyooka. Kisha atazame kapasita kama zimevimba juu, na adai bodi iwashwe hapo hapo ikiwa na prosesa na RAM, hadi ukurasa wa BIOS uonekane na kuonyesha RAM iliyochomekwa katika kila nafasi, kabla ya fedha kutoka mfukoni.