Kasha la Filamu Halijui Taa Nyekundu

Kila panapofundishwa upakiaji wa kasha la filamu, yaani chombo kinachofungwa kwenye kamera ya sinema ili kuutunza mkanda kabla na baada ya kupigwa picha, huulizwa swali lile lile: kwa nini kazi hiyo isifanywe chini ya taa nyekundu, kama walivyofanya mafundi wa studio za picha? Jibu ni fupi, nalo halina masharti: taa nyekundu huiharibu filamu ya kamera.

Imani kwamba taa hiyo ni salama imeota mizizi kwa sababu watu huchanganya filamu na karatasi. Chumvi za fedha, ambazo ndizo zinazohisi mwanga, kwa asili yake huona bluu na zambarau tu, na nyekundu kwazo ni giza. Karatasi ya kusafishia picha nyeusi na nyeupe imeachwa karibu na hali hiyo, ndiyo maana fundi aliweza kuitazama sura ikijitokeza polepole ndani ya sinia la dawa huku balbu nyekundu ikiwaka juu yake. Filamu za mwanzo za sinema nazo zilikuwa hivyo, hata midomo iliyopakwa rangi nyekundu ikaonekana myeusi. Lakini mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, mkemia wa Berlin, aligundua kwamba rangi fulani zikitiwa katika chumvi hizo huzifanya zihisi mwanga ambao awali hazikuuona, na kutokana na ugunduzi huo ikapatikana filamu ya pankromatiki, yaani inayoona rangi zote, ambayo kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imeshika nafasi ya ile ya zamani. Filamu ya rangi ndiyo kabisa, kwa kuwa miongoni mwa matabaka yake limo lililoundwa mahsusi kunasa nyekundu. Anayeiwashia taa hiyo ameshaanza kupiga picha bila lenzi.

Wala kuifunika balbu kwa kitambaa si dawa, kwa sababu mkanda wenye kasi ya ISO 500 unaweza kunasa uso ulioangazwa na mshumaa. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba madhara hayaonekani papo hapo. Mkanda huingia kashani ukiwa na sura yake ya kawaida, na hasara hugunduliwa maabara, waigizaji wakiwa wameshatawanyika.

Kasha lenyewe limeundwa ili giza lidumu hata mchana kweupe. Katika Arriflex 16SR, kamera ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1975, lina vyumba viwili vilivyopakana ubavu kwa ubavu, kimoja cha mkanda mbichi na kingine cha kuupokea uliokwisha kupigwa. Gurudumu la meno huusogeza mkanda bila kusita, ilhali mbele ya lenzi ukucha huuvuta na kuusimamisha mara 24 kwa sekunde, na mienendo hiyo miwili isingepatana lau pasingeachwa kitanzi cha mkanda uliolegea, ambacho kikipotea mkanda huchanika. Mita 122 za milimita 16 huisha kwa dakika 11 hivi. Kinachodai giza hasa ni chumba cha mkanda mbichi. Ncha ikishapenyezwa upande wa pili na mlango kufungwa, kitanzi hutengenezwa mwangani.

Asiye na chumba cha giza atumie mfuko wa giza, ule wa kitambaa cheusi wenye zipu mbili na mikono inayobana kwa mpira. Alifute kasha vumbi kwanza, avue saa yenye mishale inayong'aa, aache simu nje, na awe ameshafanya mazoezi kwa mkanda mbovu, macho yakiwa yamefumbwa, mpaka vidole vizoee. Mlango ukifunguka kwa bahati mbaya, ufungwe mara moja, kwani mizunguko ya nje ya mkanda uliokazwa huikinga ya ndani; kisha iandikwe juu ya kopo la mkanda, kwa herufi kubwa, kwamba mkanda umeingiwa na mwanga, ili maabara ianze kwa kusafisha kipande cha majaribio.